Dubwana asiyetaka kupigana: shajara ya kupe wangu

Mei 4

Leo nimemzika dubwana wangu wa kwanza. Ameishi mizunguko mitatu.

Kwanza nieleze tulipo. Tuko watano, tunakutana Jumamosi jioni kucheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Wanne wanacheza: mlinzi, mganga, mwizi na mchawi. Mimi ndiye msimamizi, nakaa nyuma ya boksi la viatu ili wasione dadu zangu. Kanuni zetu ni zile za wazi za Dungeons & Dragons, toleo la tano, ambazo tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo tunazitafsiri kidogo kidogo bila kuogopa mtu. Ulimwengu ni wetu wenyewe. Unaitwa Nyika ya Chumvi, na humo misafara husafiri juu ya migongo ya fahali wakubwa kuliko tembo.

Nilitaka mnyonya damu. Popo na wafu wanaotoka makaburini usiku wameshanichosha. Kwenye kanuni yupo yule mdudu arukaye aitwaye stirge, mwenye mdomo kama sindano: anakuganda, kila mzunguko, yaani kila wote wanapocheza zamu moja, unapoteza pointi za uhai sawa na dadu ya pande 4 jumlisha 3, na akifikisha pointi 10 za damu anajiachia na kuondoka. Mzunguko mmoja ni sekunde 6. Maana yake anamaliza mlo wake ndani ya sekunde 12 hivi. Hata chai huwezi kuinywa kwa kasi hiyo.

Basi nikatengeneza kupe. Mkubwa kama ng'ombe, pointi 60 za uhai, ngozi ngumu, mdomo wa kutoboa deraya. Nikamweka katikati ya njia. Mlinzi akamvaa, mchawi akamchoma, mwizi akamchoma kisu kwa nyuma, kwisha. Wakati nakusanya dadu, mganga akasema bila hata kuniangalia, "Huyo si kupe. Huyo ni simba aliyefungwa mrija."

Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Mei 12

Nimekwenda kwa mjomba. Alikuwa bwana mifugo kwa miaka mingi, sasa amestaafu ana ng'ombe wake saba. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, halafu akauliza, "Kwa hiyo, mjomba, wewe ni mtu mzima na unacheza na kupe wa uongo?" (Sisi huitana mjomba wote wawili.) Nikasema ndiyo. Akasema twende basi ukawaone wa kweli.

Akamshika ng'ombe mmoja mwekundu, akalikunjua sikio lake kama mtu anayefungua bahasha. Ndani, kwenye mikunjo karibu na tundu, walikuwepo kama kumi. Wengine wadogo, wa kahawia, bapa kabisa. Ukipitisha kidole unadhani ni ukoko wa kidonda. Katikati yao jike mmoja wa kijivu, amevimba, anang'aa, sawasawa na mbegu ya mbarika. Nilikuja kusoma baadaye kwamba Warumi wa kale waliuita mbarika na kupe kwa neno moja, ricinus. Hawakukosea.

Mjomba akamkamata yule jike karibu kabisa na ngozi, akavuta moja kwa moja, taratibu, bila kupinda. Alipotoka alikuja na kijipande cha ngozi mdomoni. Akaniwekea kiganjani. Nilitarajia atakimbia, au aning'ate. Hakufanya lolote. Vimiguu vyake vinane vilikuwa vinapunga hewani kwa uvivu, havifiki hata chini kwa sababu ya tumbo.

"Huyu hana shida na wewe tena," akasema mjomba. "Ameshashiba. Anachotaka ni kudondoka, atafute ufa, atage mayai yake elfu kadhaa, afe. Wa kuogopa ni wale bapa." Akalirudisha sikio mahali pake. "Ukimwona mkubwa, umeshachelewa."

Nikaandika hilo kwenye daftari palepale, nimeegemea ng'ombe.

Jambo jingine la aibu: mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na miguu sita. Mjomba akacheka. Kupe mzima ana minane kama buibui, ni ndugu wa buibui na wala si mdudu wa kundi la inzi na siafu. Mwenye sita ni kitoto kilichototolewa tu, kabla hakijanyonya mara ya kwanza na kujivua ngozi.

Mei 14

Hesabu. Sipendi hesabu lakini hii imenifurahisha.

Kupe jike akishiba anaweza kufikia mara mia ya uzito aliokuwa nao akiwa na njaa. Dubwana wangu wa kwanza nilimpa uzito wa kilo 300 akiwa na njaa. Akishiba basi awe tani 30. Atanyonya nini? Mtu mzima ana kama lita 5 za damu. Wahusika wangu wanne kwa pamoja ni lita 20, na hapo nimewakamua mpaka tone la mwisho. Kwa kupe wa namna hiyo, mashujaa wangu ni kijiko cha uji.

Nikageuza hesabu, nikaanza na mnyonywaji badala ya mnyonyaji. Fahali wa msafara nimempa tani 10. Damu ni kama asilimia 7 ya uzito wa mnyama, kwa hiyo ana lita 700 hivi. Kupe mwenye njaa awe kilo 2, ukubwa wa kuku. Akishiba anafika kilo 200, ukubwa wa ng'ombe wa kienyeji. Na damu anayovuta ni zaidi ya hiyo, maana kupe huchuja: maji ya ziada huyarudisha kwa mwenyewe kupitia mate, akabaki na kile kizito. Kupe watatu kwenye fahali mmoja, na fahali yuko chini. Fahali akiwa chini, msafara umekwama katikati ya nyika na hakuna maji.

Hapo ndipo nilipomwelewa dubwana wangu. Hana haja na wachezaji kabisa. Anamtaka yule aliyewabeba.

Na tazama inavyogeuka: katika mchezo huu, tangu watu walipoanza kuucheza mwaka 1974, mkubwa ndiye wa kutisha. Kwangu mwenye ukubwa wa kuku ndiye balaa, na mwenye ukubwa wa ng'ombe hawezi hata kusimama. Nimepiga meza kwa furaha peke yangu, mke wangu akauliza kuna nini.

Nimempa jina: kupe-jabali, kwa sababu ya jinsi anavyosubiri. Kupe hakimbizi mtu. Hupanda kwenye jani, akashika kwa miguu ya nyuma, miwili ya mbele akaiachia hewani kama mtu anayeomba lifti. Kwenye miguu hiyo ya mbele ana viungo vya kunusa pumzi: hewa ukaa tunayoitoa, joto, jasho. Mwenye pumzi akipita, anashika. Asipopita mtu, anasubiri. Kuna aina ya kupe waliokusanywa karibu na Nairobi mwaka 1976, wakafugwa maabara nchini Marekani. Wapo waliokaa miaka 8 bila kula, na baadhi wakafikisha umri wa miaka 27. Wangu nimempa miaka 100 ya kusubiri, akiwa amejikunja juu ya mwamba, rangi ya mwamba. Nadhani sijatia chumvi sana.

Kanuni niliyoandika leo: anayetembea taratibu hanuswi kwa urahisi. Anayekimbia, anayepiga kelele, anayesoma uchawi kwa sauti, huyo anahema, na kila anayehema ninamrushia dadu.

Mei 18

Jaribio la pili, na hapa ndipo nilipopata ugumu wa kweli.

Kupe hasikiki akikuganda. Mate yake yana ganzi, yana kitu cha kuzuia damu isigande, na wengi wao hutoa na aina ya saruji inayomgundisha kwenye ngozi. Mdomo wenyewe una miiba iliyogeukia nyuma kama ndoana. Sasa mimi msimamizi nikisema "kupe amekupiga, punguza pointi 3", siri imekwisha. Nimeamua kutosema. Narusha dadu nyuma ya boksi, naandika, naendelea kusimulia mandhari.

Siku mbili za mchezo zimepita hivi. Mlinzi amepandwa asubuhi ya kwanza, mgongoni, chini ya deraya, alipokuwa anakimbia kujionyesha. Kila wanapolala namwambia tu, "Umeamka, punguza 2." Mara ya kwanza hakujali. Mara ya pili akauliza mbona yeye tu. Mganga akasema labda ni ile nyama. Wakaacha kula nyama. Mchawi akashuku laana, wakatumia dawa mbili za kuondoa laana, na zile ni ghali. Wakamshuku mwenye msafara, mzee wa watu, wakamfunga kamba. Karibu nusu saa mezani wanahojiana wao kwa wao, na mimi nimeinamisha kichwa nisicheke.

Mwizi ndiye aliyesema, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Wewe. Vua deraya."

Kimya. Nikasimulia kilichokuwa mgongoni: kitu laini cha kijivu, ukubwa wa mtungi, kikipumua polepole.

Mlinzi, yaani binamu yangu anayemwigiza, amenyanyuka kwenye kiti na kujipapasa mgongo. Kweli kabisa. Sijawahi kupata hivyo kwa joka wala kwa zimwi.

Kasoro: pointi 2 kwa siku ni ndogo, mpaka unapofika mwisho. Kupe wa kweli hunyonya haba na haba kwa siku kadhaa, halafu siku ya mwisho, ndani ya saa chache, anajijaza kwa pupa na kuvimba kupita kiasi. Kwa hiyo nimeongeza usiku wa mwisho: pointi 2 kwa siku kwa siku nne, na usiku wa tano dadu nne za pande 6. Mtu mwenye afya atapona, ila mwenye majeraha anaweza asiamke.

Mei 20

Sanamu. Udongo wa mfinyanzi kwa kichwa, njiti za kiberiti kwa miguu, na tumbo ni puto dogo jekundu nililolipaka rangi ya kijivu. Ukipuliza anashiba. Puto la kwanza limepasuka usoni kwangu, rangi mpaka kwenye nyusi. La pili limekubali.

Mei 25

Leo tumefika kwenye kuchomoa, na kila mmoja amefanya kosa lilelile ambalo watu hulifanya nyumbani: moto. Mchawi kaomba kijinga cha moto. Wengine kwao ni mafuta ya taa. Mjomba alishanionya kwamba kupe ukimtesa akiwa bado ameganda, anaweza kutapika alivyonavyo ndani ya kidonda, na humo ndimo ugonjwa ulimo. Nikarusha dadu. Binamu akapata homa.

Ugonjwa nimeuchukua kwa ndigana kali, kwa sababu ndio niliokua nikiusikia. Ng'ombe anavimba tezi chini ya sikio, joto linapanda, anaacha kula, mapafu yanajaa maji, mwishoni povu linatoka puani. Vimelea vyake hukaa kwenye mate ya kupe yule wa kahawia wa masikioni, lakini haviko tayari saa ileile anapoganda; huchukua siku kadhaa za kunyonya kwanza ndipo vikomae. Kwa mtunga mchezo hii ni zawadi. Ukimtoa siku ya kwanza au ya pili kwa kuvuta sawasawa, umepona. Siku ya nne ni dadu. Wachezaji sasa wanakaguana kila jioni kabla ya kulala, nyuma ya masikio, kwapani, bila mimi kuwaambia, kama wafugaji.

Mganga akataka tiba. Nimempa ya kweli, nimeigeuza kidogo tu. Chanjo ya ndigana kali, ile iliyotokana na utafiti wa Muguga kule Kenya, hutengenezwa kwa vimelea hai vinavyopatikana kwa kusaga kupe walioambukizwa. Ng'ombe anachomwa hivyo vimelea pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, siku hiyohiyo, augue kidogo kisha apone na kinga. Nilipomsimulia mganga kwamba bibi mmoja wa jangwani husaga kupe na kuwanywesha watu pamoja na mzizi mchungu, na usipokunywa mzizi unakufa, akasema nimezidisha ubunifu. Sikubishana naye. Nitamwonyesha siku moja.

Nilifikiria pia kuweka papasi, yule kupe laini wa kwenye nyufa za sakafu za udongo, anayetoka usiku, ananyonya kwa muda mfupi na kurudi kwenye ufa wake kabla hujaamka. Homa yake, ile ya kujirudia, huipata mtu hata kwa mng'ato wa muda mfupi, haina subira kama ndigana. Mwaka 1905 daktari Mwingereza, Joseph Dutton, alikufa kwa homa hiyohiyo huko Kongo akiwa anaichunguza. Ila papasi ni mchezo mwingine kabisa, wa nyumba moja na usiku mmoja. Nimemtengea ukurasa wake.

Juni 1

Mchezo kamili. Umechukua saa tano, chapati zimekwisha saa ya pili.

Fahali wa msafara ameanza kuyumba. Safari hii hawakutafuta mchawi. Mwizi amesema mara moja, "Masikioni." Wamepanda kwa kamba hadi kwenye sikio la fahali, ambalo nimelichora kwenye karatasi mbili kubwa zilizounganishwa: mikunjo, nta, nywele nene kama mikonge, giza. Ndani walikuwemo kupe-jabali wawili wenye ukubwa wa kuku na mmoja aliyefikia ukubwa wa mbuzi. Hakuna aliyewashambulia. Hilo liliwatia wasiwasi kuliko meno yoyote.

Kazi ikawa ya kuvuta. Kila kupe anataka watu wawili wavute kwa pamoja, sawasawa, mizunguko mitatu mfululizo, huku fahali akitikisa kichwa na mimi nikirusha dadu kuona nani anadondoka. Ukipinda, mdomo unabaki ndani na kidonda kinaoza. Na wanaovuta wanahema, na wale wa ukubwa wa kuku wananusa. Mchawi akapandwa mguuni, ila safari hii aliona kwa sababu mwizi alikuwa amepewa kazi moja tu, kuangalia wenzake. Wakipata wa kwanza binamu anapiga kelele, "Kata mirija!" Meza nzima ikacheka. Sisi tulizaliwa baada ya enzi zile, lakini maneno tuliyarithi. Kwa kina mjomba, waliosoma miaka ya Azimio la Arusha la 1967, kupe alikuwa mtu anayenyonya jasho la wenzake, na mrija ndio aliokuwa akinyonyea. Sikupanga utani huo uingie. Umeingia wenyewe kwa sababu lugha ilikuwa imeshautengenezea mlango.

Wametoa wote watatu. Fahali amesimama. Nikawapa pointi zao za uzoefu.

Halafu, wakiwa wanashuka kambini, nikawasimulia kwamba chini ya mwamba, hatua 20 kutoka kwenye moto, kuna kitu kikubwa. Nikatoa sanamu, nikapuliza puto mpaka mwisho, nikaiweka mezani. Ukubwa wa ng'ombe. Kijivu. Miguu haifiki chini.

Mlinzi akashika dadu zake. Mganga akamzuia mkono. "Ngoja. Huyu ameshashiba. Hana shida na sisi." Kwa sauti ileile ya mjomba, na hajawahi kumwona mjomba. Wakajadiliana. Mlinzi anataka utukufu, mchawi hana uchawi uliobaki, mwizi akapima kwa fimbo, akamsukuma, kupe akasogea kama gunia la maharage. Mwishowe wakakubaliana aachwe, hana hatari, wapumzike usiku mmoja na alfajiri waondoke.

Nikasema sawa. Nikainua boksi langu, nikarusha dadu nne, nikaandika.

Juni 2

Marekebisho machache kabla ya kikao kijacho. Ulinzi wa kupe mwenye njaa, yaani namba ambayo dadu ya anayempiga lazima ifikie, nimeupandisha kutoka 14 hadi 16, kwa kuwa yule bapa wa mjomba hata ukimbana kati ya kucha mbili hapasuki. Pointi zake za uhai zinabaki 9. Kanuni ya kuvuta iwe majaribio mawili badala ya matatu, jana ilirefuka. Ramani ya sikio ipakwe gundi upya, imekanyagwa.

Puto nimelitoa upepo na kulifungia kwenye boksi. Kwenye daftari, chini ya mwamba ule, nimeandika: mayai 3,200, siku 30, miguu sita kila mmoja. Msafara unarudi kwa njia hiyohiyo siku ya 31.